Mkono Uliofika Gotini

"Mimi nilipewa karatasi, sikupewa sindano!"

Mfasiri alikuwa amesimama katikati ya sebule yake mwenyewe, miwani imepanda juu ya kipara, kidole kiko hewani. "Kila kitu ni mimi! Maji yakikatika ni mimi, mkate ukiungua ni mimi, na leo sweta limeharibika, ni mimi! Nimetoa Kihispania nikaweka Kiingereza safi, Kiingereza cha ofisini, halafu mnaniletea sweta nyumbani kwangu kama mnaleta majeruhi!"

Na kweli sweta lilikuwa majeruhi. Shemeji yake, mdogo wa mke wake, alikuwa amelishika mabegani na kulining'iniza mlangoni ili mwanga ulipige vizuri. Kifua na mgongo havikuwa na neno, rangi ya kijivu ya kupendeza, shingo imekaa. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umekatikia kwenye kiwiko, na mkono wa kulia ulishuka, ukashuka, ukapita kiuno bila kupiga hodi, ukafika gotini.

"Shemeji, mimi sijasema ni wewe," alisema yule mwanamke, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Sindano, na si kwa ajili ya kufuma peke yake. "Nimeuliza tu. Huko kwa Wahispania, watu wanazaliwa hivi?"

Mke wa Mfasiri alikuwa pembeni akikunja nguo zilizoanuliwa. Akacheka puani.

"Wewe cheka," Mfasiri akamgeukia. "Ndugu yako amekuja kunivunjia heshima, na wewe unacheka. Wafumaji wake ndio waliokosea! Na kama kosa ni langu mimi, basi sweta hili nitalivaa. Mchana kweupe! Nitatoka nalo hapa mpaka kwenye karakana yenu na kurudi, kila mtu anione!"

"Dada, umesikia?"

"Nimesikia."

"Hilo ni deni, shemeji."

"Deni!" akajibu Mfasiri, na kwa hasira akaketi juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa.

Mama Sindano alilikunja sweta lake polepole, na hapo sauti yake ikashuka. Akasema jambo ambalo wote watatu walikuwa wanalijua. Yule mnunuzi wa ng'ambo, mwanamke asiyeandika ila Kihispania, alikuwa ametuma uzi wa sufu wa masweta mawili tu. La kwanza la kujaribia, la pili la kumpelekea. La kujaribia ndilo hili. Uzi uliobaki ulitosha sweta moja, na sweta hilo likimpendeza, karakana ilikuwa na kazi ya msimu mzima. Lisipompendeza, ndiyo basi. Masweta ya shule, yaliyokuwa yanawalisha, siku hizi yanatoka kiwandani kwa mashine, na shule haziwajui tena.

"Nina wanawake wawili mle ndani, shemeji, wanaotegemea sindano hizo," alisema. "Sina uzi wa kukosea mara ya pili."

Akaondoka, sweta akaliacha mezani. Mfasiri alibaki amekalia nguo, na mke wake hakumwambia ainuke.

Si mtu mbaya, Mfasiri. Ni mtu aliyezoea kusifiwa na sasa hasifiwi. Miaka yake yote ya kazi aliimaliza katika ofisi ya wakala wa meli, ghorofa ya juu, kwenye meza iliyotazama kabati la mafaili. Barua ziliingia kwa Kihispania zikatoka kwa Kiingereza, na katikati alikuwa yeye. Barua za habari njema zilikuwa za kuhesabu. Nyingi zilikuwa za mizigo kupungua, bei kushuka, wateja kuondoka, faida kukonda. Meneja wake alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia kuona neno lile lile mara mbili kwenye ukurasa mmoja. Akiliona, analizungushia wino mwekundu kama anazungushia jipu.

Basi Mfasiri akajifunza. Mstari wa kwanza mizigo ilipungua, wa pili ikashuka, wa tatu ikafifia, wa nne ikadorora, na mwisho wa barua ikaporomoka kwa heshima zote. Kihispania kikileta "bajar" yeye anacho cha kukipa, kikileta "merma" anacho, kikileta "descenso" anacho na chenji inabaki. Wenzake walikuwa wanakuja mezani kwake kumwuliza, "Mzee, nipe neno jingine la kushuka, hili nimeshalitumia." Anawapa bila kufungua kamusi. Hakuna mtu aliyejua kuanguka kwa namna nyingi kama yeye.

Mwishowe ofisi yenyewe ikaanza kuanguka, na barua ya kuifunga ilipokuja, aliyeitafsiri ni yeye. Alitafuta neno zuri sana la kufunga. Meneja alimshika mkono akasema halijawahi kuandikwa vizuri hivyo. Wote wawili wakaenda nyumbani bila kazi.

Tangu hapo watu walikuwa wanamwita kusoma maandishi kwenye chupa za dawa. Siku Mama Sindano alipokuja na karatasi za mnunuzi na kumwomba azitafsiri, kwa kuwa wafumaji wake walijifunza kwenye vitabu vya Kiingereza na vidole vyao havikujua kuhesabu vitanzi kwa lugha nyingine, Mfasiri alipiga pasi shati. Nyumbani kwake! Akaketi mezani na shati la pasi, akaandika kutwa nzima, akasoma kazi yake kwa sauti jikoni. Mke wake alisema ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli.

Siku ya pili ya ule ugomvi alivaa shati lile lile akaenda karakana. Alikwenda kuwaonyesha kosa lao.

Karakana ni vyumba viwili nyuma ya duka la vioo. Fundi vioo akikata kioo upande wa pili wa ukuta, meno yanakufa ganzi. Ndani kuna mabenchi, birika, na mifuko ya uzi imetundikwa juu kwa kamba kwa sababu ya panya. Viatu vinaachwa mlangoni. Kwa Mama Sindano sweta moja halifumwi na mtu mmoja: huyu anafuma mgongo, yule kifua, huyu mkono mmoja, yule mwingine, kisha mwenyewe anaviunganisha vipande. Ndiyo sababu kazi yao inakwenda mbio, na ndiyo sababu kosa halionekani mpaka vipande vikutane.

"Karibu, mzee," alisema mfumaji mmoja, mwanamke mwembamba wanayemwita Redio. "Umekuja kwa amani, au umekuja na wino mwekundu?"

"Nimekuja kuona."

"Basi kaa benchi hili, lile lina msumari. Au kaa lile lile, tuone wote."

"We Redio," Mama Sindano akamkata jicho.

Mfasiri aliketi kwenye benchi lisilo na msumari. "Mkono wa kulia amefuma nani?"

Mfumaji wa pili alinyosha mkono kama yuko darasani. Huyo ni mama mtu mzima, mnene, jina lake pale ni Kimya. Maneno yake ya siku nzima unaweza kuyafunga kwenye pindo la leso.

"Na wa kushoto?"

"Mimi," alisema Redio. "Na usiniangalie hivyo, mzee wangu. Nimefuata karatasi yako mstari kwa mstari, sijaruka hata nukta."

"Vizuri. Chukueni vipande vya uzi. Mimi nitasoma, nyinyi fumeni mbele yangu."

Wakachukua uzi wa mabaki. Mkono wa sweta lile unaanzia begani, mpana, na unafumwa kushuka huku ukipunguzwa, mpaka vitanzi vilivyobaki kwenye sindano vitoshe kuzunguka kifundo cha mkono. Ukipunguza polepole mno, mkono unarefuka kabla haujawa mwembamba. Ukipunguza kwa pupa, unakwisha njiani. Hilo Mfasiri hakulijua, wala hakuwa amejisumbua kuliuliza. Alisafisha koo, akasoma kwa sauti ile ya ofisini.

Alipofika kwenye neno "decrease", sindano za wanawake wote wawili zilichukua vitanzi viwili zikavifanya kimoja, sawa sawa, kama mtu na kioo chake. Mfasiri akatikisa kichwa, ameridhika. Akaendelea. Mstari uliofuata alikuwa ameandika "reduce". Redio alichukua vitanzi viwili kwa nyuma. Kimya aliruka kimoja, kisha akakivuta kikamvuka mwenzake. Mfasiri akapunguza mwendo wa kusoma. Mstari uliofuata ulikuwa na "lessen". Redio akasita, akapiga fundo la ajabu. Kimya akalegeza uzi kidoleni, akafuma taratibu safu nzima bila kupunguza kitanzi hata kimoja. Kisha likaja "dwindle", na Redio akaruka juu ya sindano zake kama mtu anayewahi mvua: vitatu kwa pamoja, vitatu kwa pamoja.

"Simameni," alisema Mfasiri.

Wakasimamisha sindano.

"Mama, pale nilipotaja lile neno la tatu, umefanya nini?"

Kimya alimtazama Mama Sindano kwanza. "Nimelegeza."

"Kwa nini?"

"Silijui. Nikaona ni neno laini."

"Na hili la mwisho," alidakia Redio, "mimi nimeliona lina haraka zake. Nikasema hili ni la kula vitatu vitatu."

"Lakini kwa nini hamkuuliza?"

Ukutani fundi vioo akakata kioo, kila mtu akakunja uso. Sauti ilipopita, Redio alijibu, na safari hii hakuwa na mzaha. "Tuulize nini, mzee? Tulidhani ni mishono mipya ya huko ng'ambo. Mtu kama wewe akiandika maneno manne, sisi tunajua ni vitu vinne. Ungekuwa unataka kitu kimoja, si ungeandika neno moja?"

Mfasiri alitoa karatasi za Kihispania kwenye bahasha. Hakuhitaji kuzisoma, alikuwa anazikumbuka, lakini alizitazama. "Menguar," yaani punguza, ilikuwa imeandikwa. Mstari wa chini yake, "menguar". Chini yake tena, "menguar", kushuka mpaka mwisho wa ukurasa, kama misumari kwenye ubao. Siku ile alipoanza kutafsiri alimwonea huruma yule mwanamke wa ng'ambo. Alisema moyoni, maskini, hana maneno. Akamsaidia. Akampa yake.

Sasa aliziweka karatasi gotini. Mama Sindano alikuwa amesimama na mkasi mkononi, na kama kuna siku mdomo wake ulikuwa na haki ya kuwaka, ni siku ile. Wote walisubiri uwake.

"Nilitaka iwe nzuri," alisema Mfasiri.

Mama Sindano alishusha pumzi. "Ni nzuri, shemeji. Tatizo lake haivaliki."

Redio alicheka akajiziba mdomo na sweta la mtu. Hata Kimya mabega yalimtikisika. Na Mfasiri, ambaye jana yake angetoka na kubamiza mlango, alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati la pasi, akasema, "Nipeni sindano."

"Za nini?"

"Niliandika kitu nisichowahi kukiona. Nipeni nikione."

Wakampa. Msiulize alivyoshika! Alizishika kama anakula samaki mwenye miiba mingi. Redio alisema sindano hizo zitaomba uhamisho. Kimya alihama benchi lake akaja kukaa ubavuni kwa Mfasiri, akaziweka zile sindano vizuri katika vidole vizito vya mzee, akamwonyesha bila neno. Viwili, kimoja. Viwili, kimoja. Kitanzi cha kwanza kilimtoka, cha pili kikamtoka, cha tatu kikakubali. Mfasiri alikitazama kitanzi chake kama mtu aliyeletewa mjukuu.

Hapo ndipo alipokumbuka jambo. Akarudi kwenye Kihispania, akaweka kidole. Baada ya kila "menguar" palikuwa na maneno mengine madogo, na yale yeye alikuwa ameyafyeka kwa kuona yanachafua sentensi. "Hapa anasema, mwanzo wa safu kitanzi kipunguzwe kikielekea kushoto," alisema. "Na mwisho wa safu, kulia. Kila mara. Sijui kwa nini anang'ang'ania."

Wafumaji nao hawakujua. Namna walikuwa wanazijua, ila kwenye kazi yao walitumia moja tu, kokote itakakoelekea. Kimya akajaribu safu chache, mwanzo hivi, mwisho vile, akanyosha kipande gotini. Pande zote mbili zilikuwa zimeingia ndani kwa mstari uliolala sawa, kama njia ya kitana kwenye nywele.

"Loo," alisema Mama Sindano, akainama kutazama. "Kumbe masweta yetu yalikuwa yanakaa upande miaka yote hii."

"Mimi nilidhani ni mabega ya wateja," alisema Redio.

Mfasiri alirudi nyumbani akaandika upya. Alasiri ile mke wake, aliyekuwa anashona kifungo dirishani, alimsikia akiguna mezani kama mtu anayefungwa kidonda.

"Una nini?"

"Nimeliandika tena."

"Basi liandike tena."

"Hujui adhabu hii. Mara zote hizi, neno lile lile! Kama mtoto aliyechelewa shule."

"Andika, baba. Hakuna anayekuzungushia wino."

Akaandika. Decrease, kushoto. Decrease, kulia. Mkono ulikuwa unamwasha. Maneno yake mazuri yalikuwa yamejipanga pale nje ya karatasi kama wafanyakazi wa zamani wanaoomba kibarua, na yeye anawapita bila kuwasalimia. Kwenye mstari wa mwisho kabisa kalamu ilisimama. Pale "decline" ingekaa vizuri, mara moja tu, ya kufungia kazi. Aliinua kalamu, akaishusha. Decrease.

Alipomsomea mke wake, mama wa watu alisema, "Hii hata mimi ningeifuma," na yeye hajawahi kushika sindano ya kufumia maishani mwake. Katika sifa zote Mfasiri alizopata, hiyo aliiweka mahali pake peke yake.

Sweta la pili lilifumwa kwa uzi wa mwisho. Siku zote hizo Mfasiri alikaa karakana, amepigwa marufuku kusema. Alikuwa anazungusha uzi kuwa mabonge na kutazama mikono ya wafumaji, na sindano ikisita tu, anainua kichwa. Lakini safari hii walipokwama waliuliza. Redio aliuliza mpaka kupita kiasi. Aliuliza hata kama nukta mwisho wa sentensi ifumwe.

Vipande vilipokwisha, Mama Sindano alifuta meza, akalaza mkono wa kulia, akalaza wa kushoto juu yake. Akanyosha. Hapakuwa na kilichozidi. Alipitisha kiganja kuanzia begani hadi kwenye kifundo, mara moja, kisha akasema, "Leteni uzi wa kuunganishia," na kila mtu akajifanya hakuona macho yake.

Sweta likatumwa. Wakakaa kusubiri. Redio alisuka mikeka ya milangoni kwa mabaki ya uzi, Mama Sindano akagombana na fundi vioo kwa kosa la kukata vioo, Mfasiri akawa anapita kila asubuhi kuuliza kama kuna lolote, akijifanya anakwenda kununua mkate, na mkate unauzwa upande wa pili.

Ujumbe ulipokuja, Mama Sindano alimshikisha simu bila kupumua. "Soma."

Mfasiri alisoma kimya kwanza. Kisha akafungua mdomo, na maneno hayakuja.

"Amekataa," alisema Redio.

"Subiri."

"Amekataa! Angalia uso wake!"

"Subiri nimesema!" Alikuwa anatafuta. Miaka yote alitafsiri vitu vikishuka, na huku juu maneno yake yalikuwa na kutu. "Anasema... limemkaa vizuri. Anasema mikono imelala kama alivyotaka. Anataka..." akajikuna kipara, "anataka mengi zaidi. Kila mwezi yazidi kidogo. Waongezeke na wafumaji. Anasema, ongezeni."

"Rudia hilo la mwisho," alisema Mama Sindano.

"Ongezeni."

"Tena."

"Ongezeni, ongezeni, ongezeni! Umeridhika? Neno lile lile!"

Kelele za furaha zilizotoka mle ndani zilimfanya fundi vioo aje mlangoni na kioo mkononi kuuliza kama kuna msiba.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Mfasiri alitoka nyumbani kwake amevaa sweta la kijivu. Mkono wa kushoto umeishia kwenye kiwiko. Wa kulia unaning'inia hewani, ncha inampiga goti kila hatua. Mke wake alimsindikiza hadi kizingitini, akamwekea kola sawa, akarudi ndani kucheka akiwa amekaa.

Fundi viatu wa kona alisimamisha nyundo. "Mzee, una homa?"

"Nina deni."

Wauza nguo walimwita. Mmoja aliuliza kama mkono ule anauza kwa mita. Mwenye duka la dawa alitoka nje kabisa, akasimama na kikombe chake. Mfasiri aliwasalimia wote, mmoja mmoja, na kwenye kila salamu mkono ule mrefu uliendelea kupunga kidogo baada ya kiganja chake kutulia. Jasho lilikuwa linamtiririka machoni. Hakukaza mwendo.

Karakana walimsikia kabla hawajamwona, kwa jinsi watu wa njiani walivyokuwa wanacheka. Redio alitoka, akarudi ndani, akatoka tena kuhakikisha. Kimya aliweka sindano chini na kusema sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema pale: "Mungu wangu, huyu mzee amelivaa kweli."

Mama Sindano alifika mlangoni na mkasi wake. "Shemeji! Nani amekudai?"

"Wewe. Mbele ya dada yako."

"Mimi nilikuwa nimeshasahau."

"Mimi sikusahau. Nilisema kuja hapa na kurudi. Nimekuja. Sasa narudi." Akageuka, na mkono mrefu ukamzunguka mwilini.

"Hebu simama hapo."

Alisimama. Mama Sindano aliushika ule mkono, ncha yake imekusanya vumbi la mtaa mzima. Akaukung'uta, akaukunja mara ya kwanza, akaukunja tena, akaendelea kuukunja bila haraka mpaka vidole vya shemeji yake vikatokea, vimelowa. Akachomoa pini kifuani kwake akaibana pale.

"Ya kuja umelipa," alisema. "Ya kurudi nimekusamehe. Vua uingie ndani kabla hujanifia mlangoni, dada anizike na mimi."

Mfasiri aliacha viatu mlangoni pamoja na vya wengine, akaanza kuvua, mkono mfupi kwanza.